Pampu ya maji kwa ubao wa kuoshea dhahabu: tathmini ya pampu tatu

Mchimbaji mdogo anayeingia dukani kutafuta pampu ya kuoshea dhahabu huulizwa na muuzaji swali moja tu: anataka ya inchi ngapi. Swali hilo halitoshi, kwa sababu inchi ni kipenyo cha mdomo wa pampu, na hazisemi ni maji kiasi gani yatakayofika kwenye ubao baada ya kupanda ukingo na kupita kwenye mpira mrefu. Tathmini hii inahusu pampu tatu nilizozitumia kwenye ubao wa kujitengenezea katika machimbo ya Lupa, wilayani Chunya, Tanzania, ambako dhahabu ya mchangani imekuwa ikioshwa tangu miaka ya 1920 na ambako vijito vingi hukauka kiangazi, ikabidi maji yaleyale yazungushwe kwenye mabwawa ya kuchimba kwa jembe.

Nianze na ubao wenyewe, kwa kuwa ndio unaochagua pampu. Wangu una upana wa sentimita 30 na urefu wa mita moja na nusu. Sakafu yake ni mbao iliyotandikwa zulia, na juu ya zulia kuna vizuizi vya chuma vya kunasia dhahabu, vilivyopangwa kama ngazi. Nimeuinamisha kwa takriban sentimita 8 kwa kila mita. Kwa mchanga wenye kokoto ndogo, makadirio ninayoyafuata ni lita 10 hadi 15 za maji kwa dakika kwa kila sentimita ya upana, kwa hiyo ubao huu unahitaji lita 300 hadi 450 kwa dakika. Makadirio hayo hayafai kwa mawe yaliyosagwa kwenye karasha. Unga ule unataka maji machache zaidi, yanayopita kama utando mwembamba juu ya zulia au gunia, na anayeufungulia mkondo wa kokoto huisafirisha dhahabu yake hadi kwenye marudio, yaani mchanga unaotupwa baada ya kuoshwa.

Pampu ya kwanza ni Honda WB20XT, ya petroli, yenye mdomo wa inchi mbili. Injini yake ni GX120, tangi linabeba lita mbili za petroli, na mtengenezaji anataja upeo wa lita 620 kwa dakika na msukumo wa mita 32. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwa kudhani kwamba namba hizo mbili hupatikana kwa wakati mmoja. Lita 620 ni pale ambapo maji hayapandi popote, na mita 32 ni pale ambapo maji yamefika juu kabisa na hayatoki tena. Kazi halisi iko katikati. Ubao ukiwa mita 8 juu ya maji na mpira wa inchi mbili ukiwa na urefu wa mita 60, kwa hesabu yangu pampu hii hutoa chini kidogo ya lita 400 kwa dakika, yaani kiasi hasa kinachotakiwa na ubao wa sentimita 30. Tena hapo sijaondoa athari ya mwinuko: injini za aina hii hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya Lupa iko juu ya mita 1,000.

Urefu huo wa mita 60 sikuutaja kwa bahati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto au ziwa, kwa hiyo anayevuta maji ya mto akaoshee mahali panaporuhusiwa hana budi kuuhesabu mpira mrefu tangu siku ya kununua pampu. Maji yenyewe nayo yanahitaji kibali. Kwa upande wetu hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa.

Kilichonipendeza zaidi katika pampu hii ni gamba na feni yake ya ndani, ambavyo ni vya chuma cha kumimina, pamoja na sili, yaani kizibo kinachozuia maji kuvuja kati ya pampu na injini, ambayo ni ngumu, ya silikoni kabaidi. Maji ya machimbo hayawi safi hata yakiachwa kutwa nzima, na mchanga laini ndio unaoua pampu: huanza kwa kuikwaruza sili, kisha tone la maji linaonekana kati ya pampu na injini, na baada ya hapo presha hushuka taratibu hadi mwenye mashine anaanza kulaumu petroli. Hata hivyo, hii ni pampu ya maji safi kiasi na haikuundwa kumeza kokoto. Chujio lake lisilazwe chini bwawani. Mimi huliweka ndani ya ndoo iliyotobolewa matundu ubavuni, na ndoo naining'iniza kwenye dumu tupu linaloelea, ili pampu ivute maji ya katikati wala si tope. Dosari zake ni uzito wa kilo zipatazo 20, ambao mtu mmoja anaubeba kwa shida kwenye njia ya korongo, na petroli inayokaribia lita moja kwa saa ikiwa imefunguliwa kabisa.

Ya pili ni ndugu yake mdogo, Honda WX10, yenye mdomo wa inchi moja na uzito wa kilo zipatazo sita. Inabebeka mkononi kama dumu la maji, na kwa kazi ya kupima eneo jipya, ambapo unaosha ndoo chache kisha unahama, sijaona inayoishinda kwa wepesi. Mtengenezaji anataja lita 140 kwa dakika, na kwa ubao wa sentimita 30 hizo ni chache hata kabla ya kupandisha maji. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye mpira. Kuyapitisha maji lita 100 kwa dakika katika mita 60 za mpira wa inchi moja hula karibu mita 30 za msukumo, na pampu yenyewe ina mita zisizofika 40, kwa hiyo ukingo ukiwa mrefu kidogo maji yatafika juu yamechoka. Ukitumia mpira wa inchi moja na nusu upande wa kutoa, msuguano hupungua sana na pampu ile ile huonekana kama nyingine. Ningeipendekeza kwa ubao mwembamba wa sentimita 10 hadi 12 uliowekwa karibu na maji, na si zaidi ya hapo.

Ya tatu haikutengenezwa kwa ajili ya machimbo kabisa. Ni pampu ya umeme ya volti 12 inayotumiwa kutoa maji ndani ya boti, ya kampuni ya Rule, ile inayoandikwa galoni 1,100 kwa saa, ambazo ni sawa na lita 69 hivi kwa dakika maji yasipopandishwa. Hutumbukizwa majini, haina haja ya kujazwa maji kabla ya kuwashwa, haina moshi wala kelele, na hutumia ampea tatu hadi nne, kiasi ambacho betri ya gari hukimudu kwa saa nyingi. Udhaifu wake ni kupandisha: ikipewa mita mbili tu za kwenda juu, maji hupungua kwa namna inayoonekana kwa macho. Mimi huitumia mwisho wa siku, kuosha mchanga mweusi, ule mzito unaonaswa pamoja na dhahabu, uliotoka kwenye zulia katika ubao mdogo juu ya beseni, na kwa kazi hiyo pampu mbili za petroli haziifikii. Kuitegemea kwa kokoto ni kujichosha.

Kwa hiyo, kama fedha ni ya pampu moja, ya inchi mbili ndiyo ninayoichagua, kwa sababu nguvu iliyozidi hupunguzwa na iliyopungua haiongezwi. Sizipunguzi lita kwa kubana valvu peke yake. Kwanza nashusha mwendo wa injini, jambo linalookoa petroli na sili kwa pamoja, kisha nasahihisha kwa valvu iliyo kichwani mwa ubao. Kujua umefikia kiasi gani ni kazi ya pipa la lita 200 na saa ya simu: pipa likijaa kwa sekunde 30, una lita 400 kwa dakika. Baada ya hapo vizuizi vyenyewe vitasema. Nyuma ya kila kizuizi mchanga mweusi unatakiwa uwe unacheza, ukijikunja na kurudi, huku nusu ya kizuizi ikionekana juu yake. Ukiona vizuizi vimezikwa na mchanga umeganda, maji au mwinamo hautoshi. Ukiona zulia limebaki tupu na vyuma vinang'aa, maji ni mengi na dhahabu laini imeondoka. Asiye na hakika achukue vipande vidogo vya risasi, avibamize viwe bapa, avihesabu na kuvichanganya kwenye ndoo ya kwanza. Risasi ni nyepesi kuliko dhahabu, kwa hiyo ubao unaoikamata yote unatia moyo.

Mpira wa kuvuta unastahili fedha kuliko wengi wanavyodhani. Uwe mgumu, wenye waya au plastiki ngumu ndani, maana ule laini wa kukunja hujibana pampu inapovuta na maji hukatika. Laini utumike upande wa kutoa pekee. Viungo vyake vifungwe kwa vibano viwili na tepu nyeupe ya mafundi bomba, kwani tundu dogo la hewa linalopita bila kuonekana ndilo chanzo cha malalamiko mengi kwamba pampu mpya haivuti. Vilevile pampu iwekwe karibu na maji, mita tatu au nne juu yake, na masafa marefu yaachwe upande wa kusukuma. Vitabu husema pampu hizi huvuta hadi mita saba au nane, lakini kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi na kiwango hicho hakifikiwi. Kwa sababu hiyo wapo wanaoishusha pampu ya petroli ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, ili iyafikie maji. Hilo lisifanywe kwa hali yoyote: moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, ambayo hujaa shimoni na kuua waliomo pamoja na wanaoshuka kuwaokoa.

Petroli ina hila nyingine. Ikimwagika kidogo bwawani, utando wake huifanya dhahabu ya unga ielee na kupita juu ya vizuizi vyote, hivyo naijaza mashine mbali na maji na kuongeza sabuni kidogo ya vyombo nikiona rangirangi juu ya maji. Mabwawa yenyewe yawe mawili, la kwanza la kutuliza tope na la pili la kuvutia, kwa kuwa maji mazito ya udongo hubeba dhahabu laini kuliko maji meupe.

Kuhusu kununua, maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Mwanjelwa, Mbeya, yamejaa pampu za inchi mbili za bei nafuu zinazoandikwa mita za ujazo 30 kwa saa, na baadhi hufanya kazi vizuri kwa msimu. Tofauti huonekana kwenye sili na feni, basi mwombe muuzaji afungue gamba uione feni kama ni chuma au aluminiamu, na uulize bei ya sili kabla ya kuuliza bei ya pampu. Duka lisilokuwa na sili ya akiba kwenye rafu litakupa mashine ambayo ikianza kuvuja huku Makongolosi, wilayani Chunya, utaisafirisha hadi Mbeya.