SpliceAI kwenye jeni za kuganda kwa damu: inaona mbali, haipimi kiasi

Mgonjwa ana hemofilia A, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri; eksoni zote 26 za F8, jeni inayohusika, yaani vipande vinavyobaki kwenye RNA, zimesomwa na hakuna kasoro iliyoonekana, kisha linajitokeza badiliko la herufi moja katikati ya introni, kipande cha kati ya eksoni ambacho hukatwa na kutupwa. Hapo SpliceAI ndiyo programu ya kwanza kuendesha, na bado haijapata mpinzani wa kuifanya iwekwe kando. Tatizo linaanza pale alama yake inaposomwa kama kipimo cha ukali wa ugonjwa. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Ilitoka kwa kampuni ya Illumina na makala yake ikachapishwa mwaka 2019. Ni mtandao wa neva wenye tabaka 32 unaosoma mfuatano mtupu wa DNA, herufi 5,000 kila upande wa mahali panapochunguzwa, na kukadiria kama seli itakata RNA pale au la. Kila badiliko hupewa alama nne kati ya 0 na 1: kiungio (mahali pa mkato) cha mwanzo wa introni kimezaliwa au kimepotea, na kiungio cha mwisho wa introni vivyo hivyo. Kila alama huja na umbali wake kutoka kwenye badiliko. Waundaji walipendekeza 0.2 kwa anayetaka asikose kitu, 0.5 kwa matumizi ya kawaida na 0.8 kwa anayetaka uhakika. Kwa kazi ya kitabibu, fuata mapendekezo ya mwaka 2023 ya ClinGen, mradi wa wataalamu wanaotathmini mabadiliko ya jeni: kuanzia 0.2 ni ushahidi kwamba uunganishaji (kukata introni na kuunga eksoni) unaharibika, 0.1 kushuka chini ni ushahidi kwamba hauharibiki, na katikati ya hapo alama haina la kusema.

Kuisakinisha si kazi kubwa ukizoea mstari wa amri: pip install spliceai, pamoja na TensorFlow. Iwekee mazingira yake yenyewe ya Python ili isigombane na programu nyingine. Amri yenyewe ni hii (VCF ni faili ya orodha ya mabadiliko, .fa ni ya jenomu):

spliceai -I mabadiliko.vcf -O majibu.vcf -R jenomu.fa -A grch38 -D 4999 -M 1

Vitu viwili hapo ndivyo vinavyowaponza wengi. Cha kwanza ni -D, yaani umbali wa juu wa kutafuta kiungio kilichoathirika. Usipoigusa inabaki 50, na 50 ni kidogo mno kwa introni ndefu za F8 au VWF, jeni ya faktori ya von Willebrand. Badiliko la ndani ya introni likizaa kiungio cha mwanzo, mwenzake wa kukamilisha eksoni bandia anaweza kuwa herufi 120 nyuma, na wewe ukaona nusu tu ya picha. Kikomo ni 4999. Muda wa kuendesha unaongezeka, lakini kwa mabadiliko machache ya jeni moja hutaona tofauti ya maana. Cha pili ni -M 1, ambayo huficha mambo yasiyo na madhara, kama vile kiungio halali kuzidi kupata nguvu. Kwa kutafsiri badiliko la mgonjwa, iwashe. Kwa utafiti wa uunganishaji mbadala, izime.

Faili ya jenomu isipolingana na VCF, badiliko hurukwa. Hivyo hivyo kwa ufutikaji mrefu kuliko mara mbili ya -D. Badiliko linalofuta herufi kadhaa na kuweka nyingine kadhaa kwa pamoja hurudi na nukta mahali pa alama, na nukta si sifuri. Huyu ni mkosaji wa kimyakimya: mtu anaichuja faili kwa 0.2, nukta zinatupwa, na badiliko lenye kesi linapotea bila mtu kujua.

Angalia pia mwelekeo. Umbali unahesabiwa kwa kufuata jenomu, si jeni. F9, jeni ya hemofilia B, inasomwa upande wa mbele, kwa hiyo namba chanya ni kuelekea mwisho wa jeni. F8 na VWF zinasomwa kinyume, na huko namba chanya inakurudisha mwanzoni.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni hemofilia B ya ukoo wa Malkia Victoria. Mifupa ya familia ya mfalme wa mwisho wa Urusi ilipochunguzwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2009, kosa lilionekana kuwa A iliyogeuka G herufi tatu kabla ya eksoni 4 ya F9: c.278-3A>G. Badiliko hilo linaunda AG mpya (AG ndizo herufi zinazofunga introni) herufi mbili kabla ya ile halali. Eksoni inabeba herufi mbili za ziada, fremu ya usomaji inahama, na amri ya kusimama inatokea mapema. Ukiliingiza kwenye SpliceAI, soma umbali kabla ya alama: kiungio kipya kinatakiwa kuwa +1 na kile kilichopotea +3, maana programu huhesabu herufi ya kwanza ya eksoni, si AG yenyewe. Asiyejua hilo hubaki akijiuliza kwa nini hesabu yake imepishana.

F5, jeni ya faktori V (protini ya kuganda), inafundisha jambo jingine. Kuna ugonjwa wa kutokwa damu ulioelezwa Texas Mashariki, ambako A iliyogeuka G ndani ya eksoni 13 inabadili serini kuwa glisini. Ukiitazama protini peke yake utasema ni jambo dogo. Kumbe badiliko hilo linachochea mkato ndani ya eksoni yenyewe, asidi amino 702 zinaondoka, na faktori V fupi inayobaki inaikamata TFPI kwa nguvu hadi kiwango cha TFPI kwenye plazma kinapanda takriban mara kumi. TFPI ni breki ya kuganda, hivyo damu inachelewa kuganda. Kiungio cha pili cha mkato huo kiko zaidi ya herufi 2,000 mbele. Kwa -D 50, hakipo kabisa kwenye jibu.

Hapo pia ni vizuri kukumbuka programu ilifunzwa kwa kromosomu zipi. X, 12 na 13 zilikuwemo, kwa hiyo F8, F9, VWF, F7 na F10 ni mitaa inayoijua. Kromosomu 1, yenye F5, iliwekwa kando kwa majaribio.

Sasa kiasi. Alama ya 0.8 haina maana kwamba 80% ya RNA imeharibika. Na kwenye hemofilia, kiasi ndicho kila kitu: shughuli ya faktori chini ya 1% ni ugonjwa mkali, 1 hadi 5% ni wa kati, 5 hadi 40% ni mwepesi. Badiliko la nafasi ya +5 ya introni (herufi yake ya tano) mara nyingi huvuja, yaani RNA chache nzima hupita, na uvujaji huo mdogo unaweza kumhamisha mgonjwa daraja. SpliceAI haiuoni. Haijui pia tishu. Pangolin, programu nyingine ya aina hii iliyofunzwa kwa data za moyo, ini, ubongo na korodani, inajaribu kuziba pengo hilo, na inafaa kuendeshwa sambamba, ingawa zikikubaliana usihesabu kuwa ni mashahidi wawili: zote zinasoma mfuatano uleule kwa njia zinazofanana. Na kabla ya yote, pima mgeuko wa introni 22 (kipande kikubwa cha F8 kilichopinduka) kwa mgonjwa wa hemofilia A kali. Huo peke yake unabeba kati ya 40% na 50% ya kesi hizo, na programu hii haiwezi kuuona.

Alama ikishafika mahali pa kutia shaka, kinachofuata ni minijeni, jaribio la kuingiza kipande cha jeni kwenye seli na kuona RNA yake inavyokatwa. Chukua eksoni na herufi 200 hadi 300 za introni kila upande, ziweke kwenye vekta (DNA ya kubebea) kama pSPL3, moja yenye badiliko na moja bila, kisha ziingize kwenye seli za maabara za HEK293 au Huh7. Vuna RNA baada ya saa 24 hadi 48, ondoa DNA iliyobaki kwa DNase, fanya RT-PCR (kunakili RNA kuwa DNA na kuizidisha). Bendi ikikosekana, huenda RNA mbovu imeharibiwa na seli kabla hujaiona; rudia ukiwa na sikloheksimidi, dawa inayozuia uharibifu huo, kwa saa chache kabla ya kuvuna. PCR hupendelea vipande vifupi, kwa hiyo usikadirie asilimia kwa kuangalia mng'ao wa bendi. Na kwa kosa kama lile la F9, jeli ya agarosi haitakuonyesha chochote: tofauti ya herufi mbili inahitaji elektroforesisi ya kapilari au kusoma mfuatano wa bendi yenyewe.