Kukata tiketi za ndege za familia ukiwa Tanga: uzoefu wangu na Google Flights, tovuti za mashirika na wakala wa mjini

Natumia Google Flights kutafuta na kufuatilia nauli za watu watano, wakubwa wawili na watoto watatu, kwa safari za Muscat, Dubai na Mwanza. Tiketi zenyewe nakata ama kwenye tovuti ya shirika la ndege ama kwa wakala hapa Tanga mjini. Haya ni maoni yangu juu ya njia zote tatu, na nayaandika kwa ajili ya mzazi anayeona nauli imepanda kila akishika simu, asijue anunue leo au angoje wiki ijayo.

Kinachoipotezea familia pesa nyingi kuliko vyote ni idadi ya viti inayoandikwa wakati wa kutafuta. Viti vya nyuma kwenye ndege vinafanana, lakini nauli zake zimepangwa kwa madaraja, kila daraja na herufi yake na idadi yake ya viti. Viti vya daraja la chini vikiisha, mfumo unapanda ngazi moja. Sasa ukiandika abiria watano na daraja la chini limebakiwa na viti vitatu tu, mfumo hauwapi watatu nauli ya chini na wawili nauli ya juu. Unawapandisha wote watano.

Tuchukue mfano wa tarakimu. Daraja la chini ni dola 310 kwa kichwa, limebaki viti vitatu. Linalofuata ni dola 365. Ukitafuta watano kwa pamoja utaonyeshwa 365 mara tano, yaani dola 1,825. Ukikata watatu kwanza (930) halafu wawili (730), jumla ni 1,660. Tofauti ni dola 165, kwa ndege ileile na saa ileile, na hakuna ofa yoyote uliyongojea. Kugundua hali hii ni kazi ya dakika tano. Tafuta kwa abiria mmoja, andika bei. Tafuta kwa wawili, gawanya kwa mbili. Endelea hivyo hadi watano. Pale bei ya kichwa kimoja inaporuka ndipo daraja limekatika. Google Flights inaonyesha jumla ya abiria wote, kwa hiyo usisahau kugawanya, na kama kuna mtoto anayelipiwa pungufu ya mkubwa, fanya jaribio hili kwa wakubwa peke yao ili hesabu isikuchanganye.

Kugawa tiketi kuna madhara yake. Kila kundi linapata namba yake ya kubuki, zile herufi na tarakimu sita, na shirika likibadilisha ratiba linaweza kulihamisha kundi moja na kuliacha lingine. Kwa hiyo hakikisha kila kundi lina mtu mzima, mtoto mchanga awe kwenye namba ya mzazi atakayempakata, na mara tu baada ya kulipa pigia shirika simu uombe namba mbili hizo ziunganishwe kwa maelezo. Mimi tofauti ikiwa chini ya dola 60 kwa jumla sigawanyi. Usumbufu unazidi faida.

Umri nao una hesabu zake. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 anasafiri akipakatwa, na kwa safari za nje mara nyingi hulipiwa takribani asilimia 10 ya nauli ya mkubwa. Kuanzia miaka 2 hadi 11 analipiwa kiti. Mashirika mengine humpunguzia hadi robo, yaani analipa robo tatu ya nauli, mengine kwenye nauli za ofa hayapunguzi kitu. Umri unaotazamwa ni wa siku ya kuruka, kila ruka, ya kwenda na ya kurudi. Mtoto akitimiza miaka 2 mkiwa bado Muscat, safari ya kurudi anahitaji kiti, na ukigundua hilo kaunta mnaporudi utauziwa kiti kwa bei ya siku hiyo. Tazama cheti cha kuzaliwa kabla ya kuchagua tarehe ya kurudi. Kama kichanga chenu ni mdogo na safari ni ya usiku, omba kitanda cha kuning'iniza ukutani siku hiyohiyo ya kukata tiketi. Ndege ina vichache, na vina kikomo cha uzito.

Wakati wa kununua. Sijaona ukweli wowote katika ule usemi kwamba tiketi zinazonunuliwa Jumanne ni rahisi, wala kwamba ukifungua ukurasa wa siri kwenye simu bei inashuka. Siku ya kununua haina uzito. Siku ya kuruka ndiyo yenye uzito, na Jumanne na Jumatano kwa kawaida ni nafuu kuliko Ijumaa na Jumapili. Shule zikifungwa Ijumaa, familia nyingi zinataka Jumamosi. Fungua kalenda ya Google Flights, ambayo huweka bei chini ya kila tarehe, uone Jumanne inayofuata inasemaje.

Kwa likizo ya Desemba mimi huanza kufuatilia Julai na kununua kati ya Agosti na katikati ya Oktoba. Kwa likizo ya Juni, naanza Januari, nalipa kabla Machi haijaisha. Safari za miezi iliyopoa, Novemba mwanzoni kwa mfano, wiki sita hadi nane zinatosha. Idd ina utaratibu wake, kwa kuwa hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida: usitumie kumbukumbu ya bei ya mwezi uleule mwaka jana, maana sikukuu imeshahama. Tena Ramadhani viti vya kwenda upande wa Arabuni vinajazwa na waendao Umra, hata kama ninyi mnakwenda kuwaona shangazi na mjomba tu.

Tazama pia mwelekeo. Desemba ndege zinazoingia Dar es Salaam na Zanzibar hujaa watalii na ndugu wanaorudi nyumbani, na Januari wiki ya kwanza zinajaa zinazotoka. Ndani ya nchi ni hivyohivyo: kutoka Dar kwenda Kilimanjaro kuanzia tarehe 20 Desemba ni moto, watu wanakwenda kula Krismasi kwao, ilhali ndege inayotoka huko kuja Dar siku hizohizo ina nafasi. Ikiwa wageni ndio wanaokuja kwenu badala ya ninyi kwenda kwao, piga hesabu ya upande huo pia.

Swichi ya kufuatilia bei ndiyo sababu kubwa ya mimi kuipenda Google Flights. Weka safari, tarehe, abiria wote watano, uiwashe, na bei ikisogea sana utapata barua pepe. Naweka tarehe tatu tofauti kwa safari moja. Cha kujihadhari ni kwamba inafuatilia bei ya hao watano kwa pamoja, kwa hiyo ikikuambia bei imepanda, rudia lile jaribio la mmoja mmoja kabla ya kukata tamaa. Upungufu wake kwa sisi wa Tanga ni kuwa si huduma zote za ndege ndogo za pwani zinazoonekana humo. Hizo nenda kwenye tovuti zao au piga simu. Ninaipa nyota nne kati ya tano.

Kwa nini nauli inapanda hata mwezi usio na sikukuu? Mafuta ya ndege huchukua takribani robo hadi theluthi ya gharama za shirika, na yananunuliwa kwa dola. Shilingi ikilegea au pipa likipanda, nauli inafuata. Kwenye tiketi ya safari ya nje utaona mstari wenye alama YQ au YR. Ndiyo tozo ambayo shirika huiongeza juu ya nauli, mara nyingi kwa jina la mafuta, na kuna safari ambazo mstari huo unaikaribia nauli yenyewe. Juu yake kuna tozo za viwanja. Ya huduma kwa abiria wa safari ya nje kutoka Tanzania ni dola 40 kwa kichwa, imo ndani ya tiketi, kwa hiyo watu watano wenye viti wanalipa dola 200 kabla ndege haijawasha injini. Ndiyo maana tangazo la "nauli kuanzia" halina maana kwa familia mpaka ufike ukurasa wa mwisho wa malipo. Ushindani nao una nguvu kubwa. Fastjet ilipoanza safari za ndani mwishoni mwa 2012 ilitangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000 bila kodi. Ilipoondoka anga yetu miaka sita baadaye, bei za namna hiyo ziliondoka nayo.

Sasa hesabu ya Tanga yenyewe, ambayo wengi huiacha nje. Kutoka stendi ya Kange hadi Dar ni kilomita zipatazo 350 kupitia Segera na Chalinze, na basi linaishia Mbezi. Kutoka Mbezi kwenda uwanja wa Julius Nyerere usikubali kupelekwa hadi Ubungo ukiwa na watoto. Barabara ya Malamba Mawili na Kinyerezi inatokea Banana, karibu na uwanja. Acha muda wa saa tisa kamili kati ya basi kuondoka Tanga na ndege kuruka. Ndege ikiruka asubuhi, ongeza gharama ya kulala Dar usiku mmoja kwa watu watano, kisha ndipo ulinganishe na ile ndege ya jioni iliyoonekana ghali kwa dola 20.

Ndege ndogo kutoka uwanja wa Tanga inaokoa muda, lakini ina masharti. Mzigo mara nyingi ni kilo 15 kwa mtu, mabegi laini, wakati tiketi ya nje inaweza kukupa kilo 30 au zaidi. Dar ndege hizo hushukia jengo la kwanza, na safari za nje zinaondokea jengo la tatu, lililofunguliwa 2019; kati yake unahitaji gari. Tiketi hizo mbili zikiwa hazikuunganishwa, ndege ndogo ikichelewa kwa mvua, shirika la pili halina wajibu nanyi. Na zikiwa zimeunganishwa kwenye tiketi moja, msiache kuitumia ruka ya kwanza eti mtapanda basi: ukikosa ruka ya kwanza, zinazofuata zote hufutwa, pamoja na ya kurudi.

Mombasa ni mlango mwingine. Kupitia mpaka wa Horohoro ni karibu kuliko Dar, na kwa safari za Dubai inafaa kulinganisha. Hesabu muda wa mpakani, hati za watoto, na, kama gari lenu linapita huko, kivuko cha Likoni ambacho foleni yake haina ratiba.

Kuhusu wakala. Faida yake kubwa ni kwamba anaweza kushikilia viti, mara nyingi kwa siku moja hadi tatu, kabla ya kulipia, nafasi ambayo tovuti nyingi hazikupi. Kwa familia inayochanga pesa kutoka kwa ndugu watatu, hiyo ni nafasi ya maana. Mwulize mambo manne: herufi ya daraja la nauli, siku na saa ya mwisho ya kulipa, faini ya kubadilisha tarehe kwa kila abiria, na ni kiwango gani cha dola amekitumia kupata bei ya shilingi. Hilo la mwisho linganisha na kiwango cha benki siku hiyo; shilingi 60 tu juu ya kila dola, kwenye tiketi za dola 1,660, ni shilingi 99,600.

Halafu dai tiketi. Wakala mmoja hapa mjini, baada ya kupokea malipo yote, alinipa karatasi nzuri yenye majina, ndege na ile namba ya herufi sita. Haikuwa tiketi, ilikuwa nafasi iliyoshikiliwa, na saa yake ya mwisho ilikuwa usiku uleule. Tiketi halisi ina namba ya tarakimu 13 kwa kila abiria, na tatu za mwanzo ni za shirika: 197 ni Air Tanzania, 071 Ethiopian, 706 Kenya Airways, 176 Emirates, 157 Qatar. Watu watano ni namba tano. Usiondoke dirishani kabla hujazihesabu, kisha ingia kwenye tovuti ya shirika uthibitishe kuwa zinafunguka.

Ukiwa bado hapo, weka pasipoti tano mezani usome majina herufi kwa herufi. Sisi tuna majina matatu, na makosa yanatokea jina la kati linapowekwa kama la ukoo, au Mwanaisha anapoandikwa Mwanaidi. Kurekebisha siku hiyohiyo kwa kawaida ni bure au karibu na bure. Baada ya hapo ni faini, wakati mwingine tiketi mpya. Pasipoti iwe na miezi sita mbele kuanzia siku ya safari. Kama mtoto bado hana yake, ya kielektroniki ni shilingi 150,000, iombeni kabla ya kulipia nauli.

Mwisho soma saa. Tiketi hutumia saa za mfumo wa 24, na 00:40 ya tarehe 12 ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 12. Muwe uwanjani tarehe 11, saa tatu na nusu usiku, na basi la Tanga liwe limeondoka Kange kabla ya saa tisa alasiri siku hiyohiyo. Kwa watoto watatu na mabegi, mimi nachukua la saa nne asubuhi.