Fidia kwa waathiriwa wa ukatili: Uingereza na California

Uingereza ilianza kuwalipa waathiriwa wa ukatili mwaka 1964 na California mwaka 1965, na kote kuwili si lazima mshambuliaji awe amehukumiwa. Uingereza hulipia jeraha lenyewe: taya lililovunjika lina kiwango chake katika jedwali linaloanzia pauni 1,000, na malipo yote hayavuki pauni 500,000. California hulipia gharama, yaani bili ya hospitali, mazishi, mshahara uliopotea, hata kubadilisha kufuli la mlango, wala haitoi senti kwa ajili ya maumivu. Fedha za Uingereza ni za walipa kodi. Mfuko wa California ulijengwa juu ya faini za wahalifu, jambo linaloonekana la haki mpaka faini zipungue. Mwenye kovu usoni asiye na risiti yoyote, kwa maoni yangu, ananufaika zaidi Uingereza.