Uzoefu wangu: Dune Messiah kwa masikio, njia ya Mbeya hadi Iringa

Kama ulimaliza riwaya ya kisayansi ya Dune ukiwa umempenda shujaa wake, Paul Atreides, mwendelezo wake utakuumiza. Mimi umeniumiza, na bado nimeupenda kuliko kitabu cha kwanza. Naandika kwa sababu karibu kila niliyempa ausikilize amenirudia na malalamiko.

Dune Messiah ya Frank Herbert ilitoka 1969, miaka minne baada ya Dune. Toleo la sauti nililonalo ni la Macmillan Audio, lina wasomaji wanne: Scott Brick, Katherine Kellgren, Euan Morton na Simon Vance. Urefu wake haufiki saa 9, wakati la kwanza linapita saa 20, kwa hiyo safari moja ya basi kutoka Mbeya kwenda Iringa inamaliza sehemu kubwa. Pakua lote kabla hujatoka nyumbani, maana njiani mtandao unakatikakatika. Na uwe na hedifoni zinazoziba masikio vizuri. Basi letu lilifungulia video za kwaya tangu Uyole, na wasomaji hawa wanasoma kwa utulivu, hawapigi kelele.

Hadithi inaanza miaka 12 baada ya Paul kushika madaraka. Tulikuwa tumeshapita Makambako, nje ni misitu ya misonobari tu, nilipofika pale Paul anapomsomesha Stilgar, msaidizi wake, historia ya zamani. Anamtajia Genghis Khan, anamtajia Hitler na mamilioni aliowaua, na Stilgar anaona hesabu hizo ni ndogo, hazimshtui. Kisha Paul anataja za kwake: watu bilioni 61, sayari 90 zisizo na uhai tena. Nilirudisha nyuma nikasikiliza upya. Kwenye karatasi jicho lingepita juu ya tarakimu hizo, lakini zikisomwa taratibu, kwa sauti isiyobadilika, unabaki umekaa nazo hadi Mafinga.

Mdogo wangu, mwalimu wa sekondari pale Iringa, aliacha katikati. "Kaka, hawa watu wanaongea tu. Vita iko wapi?" Ni kweli, vita vimepiganwa nje ya macho yetu. Tunachopewa ni njama dhidi ya Paul: Mama Mkuu Mohiam, binti mfalme Irulan, Scytale anayebadili sura, na Edric anayeelea ndani ya tangi lake la gesi, wote wakipimana kwa maneno. Kwangu mimi hapo ndipo kitabu hiki kinapofaa masikio kuliko macho. Mtu anasema jambo la heshima, na sauti ya msomaji inakuonyesha kisu kilicho chini yake. Mdogo wangu alirudi kusikiliza kwa sababu ya Hayt, yule Duncan Idaho, rafiki wa Paul aliyeuawa kwenye Dune, sasa amefufuliwa akiwa na macho ya chuma na kuletwa kwa Paul kama zawadi. Siku hizi ananipigia simu usiku kuuliza kama Hayt aaminike.

Shemeji yangu anaendesha lori la mbao, na lalamiko lake nalikubali lote. "Nikishamzoea msomaji, anakuja mwingine." Wasomaji wanapokezana bila sababu ninayoiona, na mhusika yuleyule anakuwa na sauti nyingine. Ugonjwa huu ulikuwepo tangu Dune, ambako mara unasikia kundi zima la waigizaji, mara msomaji mmoja anafanya kila kitu, na Baron Harkonnen, yule adui mkuu, anakuwa kama watu wawili. Kazi nzuri namna hii ilistahili uangalizi zaidi.

Lawama nisiyoikubali ni kwamba Herbert kaharibu shujaa wake. Rudini kwenye kitabu cha kwanza, pale Paul amejificha hemani jangwani na mama yake: vita hivi aliviona tangu siku hiyo. Herbert mwenyewe alieleza kwamba alitaka kutuonya juu ya viongozi tunaowafuata kwa kuwaabudu. Kinachompata Chani, mpenzi wa Paul, sitakisema.

Kiingereza chake ni kizito, kwa hiyo punguza spidi kidogo sura za mwanzo, na usianze na hiki kabla ya Dune. Mdogo wangu ameshaomba Children of Dune, ya 1976. Shemeji anataka kwanza ajue nani wanasoma.