Kadi ya CHF ilimzoesha mama kliniki, dirisha moja la dawa likamfukuza

Mambo ya vifurushi na fomu za CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, bima ya afya ya kaya, sitayaeleza, afisa mwandikishaji wa kijijini kwenu atakueleza. Mimi nina habari ya dirisha moja la dawa, na mpaka leo imenikaa kooni.

Mama yangu ana presha na sukari. Ana miaka 57, hivyo msamaha wa malipo ya matibabu kwa wazee wa kuanzia miaka 60 bado haumhusu. Kabla ya kadi, dawa za mwezi mmoja alizifanya za miezi miwili. Kidonge cha presha anakikata kwa kisu cha vitunguu, nusu leo, nusu keshokutwa. Zikiisha anatulia mpaka kisogo kianze kumgonga, ndipo anapiga simu: "Mwanangu, hatujambo, ila..." Hiyo "ila" naijua. Maana yake hana hela ya dawa na anaona haya kusema.

Tukaikatia kaya CHF iliyoboreshwa. Shilingi 30,000, watu sita, mwaka mzima. Afisa alikuja na simu yake akawapiga picha mmoja mmoja chini ya mwembe. Nilikuwa na mashaka, kwa sababu CHF ni ya zamani, ilianzia Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996, na huku kwetu kila mzee ana kisa cha kadi iliyoishia sandukuni.

Lakini jamani, ile kadi ilimbadilisha mama. Kisu cha vitunguu kilirudi kwenye vitunguu. Kila tarehe ya kliniki anaamka mapema, anaoga, anakwenda zahanati kwa miguu. Presha iliyokuwa 190 kwa 110 ikashuka mpaka 140 kwa 85. Na baba, ambaye kikohozi chake miaka yote ni tangawizi na kunyamaza, alikwenda kupimwa mwenyewe bila kusukumwa. Anayesema bima ni ya siku ya kulazwa tu hajaishi na mgonjwa wa presha. Faida yake kubwa niliiona siku za kawaida, mama akiwa mzima, anakwenda kupimwa bila kuhesabu hela.

Sasa hilo dirisha. Ilikuwa kipindi cha mahindi mabichi, sukari ikakataa kushuka. Zahanati wakaandika rufaa kwenda kituo cha afya, kituo nao wakaandika kwenda hospitali. Mama hakuruka hatua hata moja. Alfajiri akapanda bodaboda, karatasi zote kwenye mfuko wa nailoni, kadi ameifunga kwenye pindo la khanga. Mimi nilimkuta hukohuko, na daktari alikuwa mtu mwema, alimsikiliza. Tukaenda dirishani.

Yule binti wa dawa ni mdogo kwangu. Mama ndiye aliyesalimia, "Hujambo, mwanangu." Kimya. Shikamoo hakupewa. Binti akaitazama kadi, hakuishika, akairudisha kwa ncha ya kalamu kama anasukuma kitu kichafu. Akasema kwa sauti, foleni nzima inasikia: "Bibi, kwa elfu thelathini mnataka tuwape duka zima? Dawa hakuna. Wa keshi, sogeeni."

Aliyefuata nyuma yetu alitoa hela akapewa metfomini, ile dawa ya sukari tuliyoambiwa hakuna. Boksi lilelile, nimeliona kwa macho yangu!

Nilitaka kupasua dirisha. Mama akanishika mkono, akafunga kadi yake kwenye pindo, fundo mbili, akasema, "Twende, mwanangu, tusimchoshe." Tusimchoshe! Dawa nilinunua duka la nje, nikalipa.

Hela si hoja. Hoja ni kwamba miezi miwili iliyofuata mama hakukanyaga kliniki, hata ya zahanati ambako hakuna aliyemkosea. Nilipokwenda kumsalimia nikakuta kisu kwenye sahani, na nusu ya kidonge kando yake.

Siku ile niliapa: hatulipii tena, na nyinyi msilipie, ni kutafuta matusi kwa hela zenu. Kadi ilipokaribia kuisha nikamwambia afisa asihangaike kuja. Halafu nikakumbuka ile 140 kwa 85. Nikampigia tena nikamtumia hela. Kwa hiyo nasema kateni, ila mwenye mzazi asimwache aende hospitali peke yake. Tena hapana, kwa nini aende na mlinzi? Amelipa! Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023, kila mtu atakuwa na kadi, na wote watapita kwenye dirisha kama lile. Nani anamfundisha anayekaa pale ndani?

Malalamiko nimeyapeleka hospitali kwa maandishi, nasubiri majibu. Alhamisi ni kliniki ya mama. Nimeomba ruhusa kazini, na dirishani nitasimama mimi.