Uzoefu wangu: Sporani ya "Gordon Highlanders" niliyonunua mnadani, na mzee aliyeifungua bitana

Baba mkwe wangu ni mtu wa Aberdeen, na babu yake alipigana Vita Kuu ya Kwanza akiwa na Gordon Highlanders, kilichokuwa kikosi cha Kiskoti cha jeshi la Uingereza. Mwaka jana alikuwa anatimiza miaka 70. Mke wangu akasema, mtafutie kitu cha kikosi cha babu yake. Mimi na kiherehere changu cha mkwe nikaingia kwenye mnada wa mtandaoni usiku huohuo.

Kwa asiyeijua, sporani ni ule mfuko unaoning'inia mbele ya kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, maana kilti haina mifuko. Za kijeshi hufunikwa singa ndefu za farasi. Ukimwona mtu kaivaa kwa mara ya kwanza utadhani kajifunga usinga kiunoni.

Tangazo lilisema ni ya Gordon Highlanders, ya kabla ya 1914, halisi, haijaguswa. Bei pauni 285. Pichani kulikuwa na singa nyeupe, mashada mawili marefu meusi, na beji ya kichwa cha kulungu kilichozungukwa na majani, na neno la kikosi, Bydand, chini yake. Nilikuwa nimeshasoma kidogo. Kati ya vikosi vingine vya Kiskoti, Black Watch walivaa nyeupe yenye mashada matano meusi, Cameron walivaa nyeusi yenye mawili meupe, askari wa Argyll walivaa nyeusi yenye sita meupe mafupi. Gordon ilikuwa nyeupe yenye mawili meusi. Nikahesabu, mawili. Nikajiona fundi, nikalipa.

Kifurushi kilifika baada ya siku sita, kimefungwa vizuri, hapo sina neno. Shida ilianza nilipofungua. Marehemu baba alikuwa fundi viatu Tanga, nimekulia kwenye harufu ya ngozi, nta na gundi, na pua yangu haidanganyiki kwa hizo tatu. Ngozi ya miaka mia hunuka vumbi na mafuta yaliyokauka. Hii ilinuka gundi. Nikainua kifuniko, nikaikuta bitana ndani safi kama shuka la hotelini.

Nikamwandikia muuzaji. Akajibu kwamba pale nyuma kuna mhuri wa mshale, ile alama ya mali ya jeshi la Uingereza, na kwamba mhuri hausemi uongo. Ndipo nikaamua kumlipa mtu wa kuniangalizia.

Mthamini niliyempata ni mzee wa makamo ya baba mkwe, ana kichumba kidogo, meza, taa, na kioo cha kukuzia kilichofungwa kwa kamba shingoni. Anatoza pauni 40 kwa kitu kimoja. Nikamweleza jinsi nilivyohakikisha kabla ya kununua. Akaniuliza:

"Ulihesabu mashada?"

"Nilihesabu, mzee. Mawili meusi."

"Na Seaforth walivaa nini?"

Nikanyamaza. Seaforth, kikosi kingine cha Kiskoti, nao walivaa nyeupe, mashada mawili marefu meusi. Kumbe kilichokuwa kikinishuhudia Gordon kwenye kile kitu chote ni ile beji peke yake.

Akachomoa unywele mmoja kwa nyuma, akauchoma kwa kiberiti. Ukanuka nywele zilizoungua, ukawa majivu yanayosagika kidoleni. Singa za kweli. Akachukua sporani nyingine ya kukodisha harusini, akachoma unywele wake, ukayeyuka na kuganda kitone cheusi: nailoni. Mshono wa ngozi pia ulimridhisha, na mimi niliuona mwenyewe bila kioo. Mshono wa mkono una matundu yaliyolala upande na mishono isiyolingana sana, na nta imeingia mpaka ndani ya tundu. Baba angeukubali.

Halafu akazima taa akawasha tochi ya miale ya zambarau. Sehemu zote zikabaki gizani isipokuwa uzi wa bitana, uliong'aa samawati kama shati jeupe kwenye disko. Nyuzi zenye dawa ya kung'arisha ya namna hiyo ni mambo ya baada ya Vita ya Pili. Akaomba ruhusa ya kubandua pembe moja ya bitana. Nikamwambia bandua tu, mzee, nishaliwa.

Chini ya bitana kulikuwa na matundu manne. Mawili yalipitisha waya mpya wa shaba ulioshika beji ya Gordon. Mengine mawili yalikuwa matupu, yameachana zaidi, kingo zake zimelainika na kuwa nyeusi. Alipoitoa beji na kuinamisha taa, kwenye ngozi kukatokea kivuli cha kitu kilichokaa pale miaka mingi. Kivuli kilikuwa kipana juu na chembamba chini, na majani ya Gordon ni ya mviringo. Na ule mhuri wa mshale? Akanipa kioo. Ngozi yote ilikuwa imekolea rangi, lakini ndani ya mfereji wa mshale ilikuwa imepauka na haina hata chembe ya uchafu. Umepigwa juzi.

Sporani ni ya kale kweli, ya kikosi kingine au hata ya bendi ya zumari, ikavalishwa beji ya kikosi chenye soko. Ni kama gari lenye injini nzima na kadi ya gari jingine.

Kichekesho ni kwamba beji yenyewe ni halali. Imegongwa, haikusubiwa: mgongoni ina mabonde pale ambapo usoni pana vilima, na nafasi kati ya majani zimekatwa wazi kabisa. Ni ya kofia tu. Niliuliza habari ya taji, maana nilisoma kwamba umbo la taji hutaja enzi, la wafalme kuanzia 1901 na la Malkia Elizabeth baada ya 1952. Akacheka. Taji lililo chini ya shingo ya kulungu wa Gordon ni la duke, daraja la juu la makabaila wa Uingereza, halibadiliki anapokufa mfalme, kwa hiyo hapo halikusaidii kitu. Afadhali majina na miaka. Wiki hiyohiyo niliona tangazo la kitu cha "Argyll and Sutherland Highlanders, Vita ya Crimea". Vita hivyo viliisha 1856, na kikosi chenye jina hilo kiliundwa 1881 kwa kuunganisha cha 91 na cha 93. Sasa hivyo navikamata mwenyewe, bure.

Mthamini nampa nyota nne. Nimemnyima moja kwa sababu maelezo ya maandishi niliyasubiri wiki tatu, na anaongea mno kuhusu vifungo. Pia ujue hatoi bei ya bima. Muuzaji nampa mbili. Alikataa, akanyamaza, nilipomtumia picha za matundu akarudisha pauni 150 bila hata pole. Ukitaka kununua, omba kwanza picha ya chini ya bitana na ya mgongo wa beji. Na kama uko Aberdeen, pita kwanza kwenye makumbusho ya Gordon Highlanders ukaangalie zenyewe kwa macho. Mimi nilienda baada ya kulipa.

Siku ya sherehe nilimpa baba mkwe beji peke yake, kwenye kisanduku. Akaipangusa kwa kidole gumba, akaisoma, akaenda nayo dirishani. Sporani iko kwetu, ina matundu manne kifuani, na mwanangu wa miaka mitano ameifanya usinga wake wa kuchezea ngoma.