Programu ya falsafa ya Kistoa: mafunzo mazuri sana, ila duka lililomo ndani walitoe

Nimeitumia hii programu ya simu, inayofundisha mawazo ya Wastoa, wale wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, miezi miwili na siku kadhaa, siku 14 za bure zilipoisha nimelipia mwenyewe, kwahiyo naongea kitu nilichokaa nacho. Jina sitalitaja maana kuna sehemu nitawasema na sitaki ionekane nina ugomvi na mtu.

Kilichonipeleka huko ni kununua ovyo. Usiku niko kitandani na simu, nimeona tu mtu kapost kitu basi roho haitulii mpaka na mimi nimeagiza, alafu mzigo ukifika raha inakaa siku mbili imeisha naanza kutafuta kingine, na madeni nayo yanaongezeka. Nilikuwa nimechoka kwakweli.

Sasa mambo yalivyo ni hivi, asubuhi unapewa somo fupi la dakika kama tano, usiku unajibu maswali matatu ambayo Seneca, Mstoa wa Roma, alisema mwanafalsafa mwenzake Sextius alikuwa anajiuliza kabla ya kulala: leo umejitibu tabia gani mbaya, kasoro gani umeikatalia, umekuwa bora kwenye lipi. Mwanzoni nilikuwa naandika majibu ya kuremba, baada ya wiki nikaanza kuandika ukweli, na ukiandika ukweli kila usiku inauma lakini inasaidia.

Masomo mengi ni ya Epictetus, mwalimu wa Kistoa, na hapa wapewe maua yao. Huyu alizaliwa Hierapolis, leo ni Uturuki, akawa mtumwa Roma, mtu ambaye hata mwili wake kisheria ulikuwa mali ya mwingine, kwahiyo akikufundisha kutosheka huwezi kusema ah huyu si anaongea kashiba. Kuna somo lake la majani ya saladi sokoni ambalo mimi limenibadilisha kabisa. Yanauzwa kwa sarafu moja ndogo, mwenzako katoa sarafu kaondoka na saladi, wewe hujatoa umeondoka bila, je umepunjwa? Hujapunjwa, yeye ana saladi yake na wewe sarafu yako bado unayo mfukoni. Epictetus alikuwa anawaambia watu wanaoumia kwa kutoalikwa karamuni, ila mimi nililipeleka moja kwa moja kwenye simu yangu. Nikiona mtu ana kitu kipya sasa hivi najiambia huyo katoa hela yake, mimi yangu ninayo na usingizi ninao, na ule wivu kweli unashuka, hauishi wote, ila unashuka.

Lingine ni la kiatu. Anasema kipimo cha mali ni mwili kama mguu ulivyo kipimo cha kiatu, ukishavuka mguu unataka kiatu cha dhahabu, kisha cha zambarau, kisha cha kutariziwa, na ukishavuka kipimo hamna tena mwisho. Nililisoma hilo mara nne siku hiyo, nikaenda kuhesabu viatu vyangu.

Alafu kuna orodha ya kusubiri, na hii ndo sababu ya mimi kulipia. Kitu unachokitaka unakiandika, kinafungwa siku 30, zikiisha inakuuliza bado unakitaka? Niliandika vitu 11 mwezi wa kwanza, nilivyokuja kuulizwa vingine hata sikumbuki nilivitakia nini, nilinunua viwili tu na hivyo viwili mpaka leo navitumia.

Sasa lawama yangu. Ndani ya programu hiyohiyo kuna duka, wanauza sanamu za Marcus Aurelius, mfalme wa Roma aliyekuwa Mstoa, sarafu za kuweka mfukoni ukumbuke kifo kama Wastoa walivyofundisha, madaftari, na matangazo yake yanaingia katikati ya somo eti ofa inaisha leo. Mimi nimekuja hapa nikiwa mgonjwa wa hiyo ofa inaisha leo! Wenyewe wanafundisha kisa cha Epictetus kuibiwa taa ya chuma, akasema kesho utaikuta ya udongo, yakaisha. Ila kisa kina mkia ambao wao hawausemi: Lucian, mwandishi wa karne ya 2, anasimulia jamaa aliyenunua ile taa ya udongo kwa drakma 3,000, hela ya Wagiriki wa kale, akidhani akisomea mwanga wake atapata hekima ya mwenye taa. Wasome hicho wenyewe kwanza alafu walifunge hilo duka.

Na kitu kingine kidogo, wanaongelea sana kujizuia na kuvumilia, haki wameigusa tu, wakati Wastoa fadhila zao kuu zilikuwa nne, hekima, haki, ujasiri na kuwa na kiasi. Mtu anaweza kumaliza mwezi mzima akadhani Ustoa ni kukaza moyo tu peke yako.

Nawapa nyota 3 kati ya 5, masomo yangekuwa peke yake ningetoa 5. Anayetaka kujaribu atumie zile siku 14 za bure ajifunze namna orodha inavyofanya kazi, baada ya hapo daftari na kalamu vinatosha. Mimi malipo nimeyasitisha juzi, orodha nimeihamishia kwenye daftari, ina vitu vitatu sasa hivi na kimojawapo ni viatu, vimebakiza siku nne.